Shoti za usoni kwa mwenye MS: usikimbilie kung'oa jino

Sindano ya ganzi ya daktari wa meno ni shahidi asiyeaminika. Mgonjwa anafika na taya linalopigwa shoti kama za umeme, anachomwa ganzi kwenye ufizi, shoti zinanyamaza kwa saa mbili tatu, na kila mtu anaridhika kwamba jino bovu limepatikana. Linang'olewa. Ganzi ikiisha shoti zinarudi palepale, sasa kwenye pengo, na jino la jirani linaanza kutazamwa vibaya.

Maumivu haya yanaitwa nyuralgia ya trijemino. Huwashwa na mguso mdogo kwenye kipande kidogo cha ngozi au ufizi. Ukikitia ganzi kipande hicho umezima swichi tu, na waya uliochubuka umebaki kulekule ndani ya kichwa. Kwa hiyo nafuu ya sindano haithibitishi kwamba jino lina kosa. Kwa mtu mwenye maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, na ambao wengi tunauita MS tu, ningeweka sharti moja: jino lisiguswe kwa ajili ya shoti hizi mpaka eksirei na uchunguzi wa kinywa vioneshe ubovu wa wazi, na mpaka daktari wa neva ajue kinachoendelea.

Waya unachubukia wapi

Trijemino ni neva ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka kichwani. Ina matawi matatu kila upande. La kwanza ni la paji la uso na jicho. La pili ni la shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya juu. La tatu ni la taya la chini, kidevu na meno ya chini, na ndilo linaloendesha misuli ya kutafuna. Matawi yote hukutana kwenye fundo moja chini ya ubongo, kisha shina lake huingia kwenye ponsi, sehemu ya kati ya shina la ubongo.

Pale pa kuingilia ndipo penye kisa. Neva imefunikwa na mayelini, kama waya ulivyovikwa plastiki. Nje ya ubongo mayelini hutengenezwa na seli za aina moja, na ndani ya ubongo hutengenezwa na seli za aina nyingine. MS hushambulia ile ya ndani. Kidonda chake kikikaa kwenye ponsi, kwenye njia ya trijemino, nyuzi zinazobeba mguso na zile zinazobeba maumivu zinabaki uchi zikiwa zimelaliana. Ishara inavuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Nywele imekugusa shavu, na ubongo unapokea habari ya kisu.

Kwa watu wasio na MS, mara nyingi sababu ni mshipa wa damu unaoikandamiza neva karibu na pale pale, hasa ule unaopeleka damu sehemu ya juu ya serebela, ubongo mdogo wa nyuma. Wenye MS nao wanaweza kuwa na mshipa wa namna hiyo pamoja na kidonda, yaani neva inaumizwa mara mbili katika njia moja. Ndiyo maana picha ya sumaku ya MRI inayoombwa kwa ajili ya "kuangalia MS" haitoshi. Fomu ya ombi itaje nyuralgia ya trijemino, upande unaouma, na iombe vipande vyembamba vya kupitia ponsi na mizizi ya neva hiyo. Mtaalamu wa picha asipoambiwa pa kutazama, anaweza kuandika ripoti nzuri ya ubongo wote na kuipita milimita chache zilizokuwa na jibu.

Makadirio ya kawaida ni kwamba kati ya watu 100 wenye MS, wawili hadi watano hupata maumivu haya wakati fulani, na hatari yao ni kama mara 20 ya watu wengine. Kwao huanza mapema zaidi kwa umri, na hushika pande zote mbili za uso mara nyingi zaidi, ingawa si lazima pande hizo zipige kwa wakati mmoja. Pengine shoti ndizo huwa dalili ya kwanza kabisa, kabla mtu hajaambiwa ana MS. Mtu wa chini ya miaka 40 mwenye shoti za namna hii, au wa umri wowote anayeumwa pande zote mbili, asirudishwe nyumbani na dawa pekee bila kupigwa MRI.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu lugha, kwa sababu linapoteza muda wa watu. Mshipa kwa Kiswahili ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni kano, na kwa wengine ni ngiri. Ukimwambia mhudumu "mshipa wa uso unaniuma", usishangae ukapimwa presha ukapewa dawa ya kuchua. Sema: "Napigwa na shoti za ghafla upande mmoja wa uso, kila moja ni ya sekunde chache, na zinaamshwa na mguso." Sentensi hiyo inabeba karibu utambuzi wote.

Kutofautisha na maumivu mengine

Shoti ya trijemino hudumu chini ya sekunde moja hadi dakika mbili. Inaanza ghafla na kukata ghafla. Zinaweza kuja mfululizo, kumi au ishirini, kisha panakuwa na kimya kifupi ambacho hata ukigusa hakuna kinachotokea. Wagonjwa wengi hujifunza wenyewe kula haraka haraka ndani ya kimya hicho. Viwashio ni mambo ya kila siku: mswaki, wembe, kutafuna, kuongea, feni, upepo wa bodaboda, tone la maji. Mara nyingi hupiga tawi la pili na la tatu. Tawi la jicho peke yake ni nadra.

Jino lenye ubovu wa ndani huuma kwa kupwita, huendelea kwa dakika nyingi au saa, huamsha mtu usiku, na huchochewa na chai ya moto au maji ya baridi. Jino lenye ufa huuma unapong'ata kitu kigumu au unapoachia. Maumivu nyuma ya jicho yanayozidi ukigeuza jicho, huku rangi zikififia, huelekeza kwenye uvimbe wa neva ya kuona, ambao kwa mwenye MS unahitaji daktari haraka. Ganzi ya shavu bila shoti, au msuli wa uso unaotetemeka kama funza chini ya ngozi, vyote vinaweza kutoka kwenye MS, lakini dawa ninazozitaja hapa chini hazikutengwa kwa ajili ya hali hizo. Na uso uliopinda, jicho halifumbi na mdomo umeenda upande, ni neva ya saba, ile inayosogeza misuli ya uso, au ni kiharusi. Hilo ni la kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Wapo pia wenye shoti pamoja na maumivu ya kuungua yasiyokatika kati ya shoti na shoti. Hayo ya chinichini hayaitiki vizuri kwa dawa ya shoti, na ni vizuri kumwambia daktari kwamba una aina mbili, ili asidhani dawa imeshindwa kabisa.

Uchunguzi wa kitandani haugharimu kitu: pamba iliyosokotwa ncha, pini safi, na mgonjwa aliyefumba macho. Paji, shavu, kidevu, kulia kisha kushoto. Pamba iguswe pia kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kuona kama linapepesa. Kisha mgonjwa ang'ate meno na daktari apapase misuli ya taya. Katika nyuralgia ya kawaida hisia huwa karibu kamili. Zikiwa zimepungua upande mmoja, hiyo ni sababu ya kutafuta kidonda, uvimbe au jambo jingine ndani.

Kabamazepini, na kwa nini dozi hupandishwa polepole

Dawa za maumivu za kawaida hazisaidii hapa. Parasetamoli, diklofenaki, ibuprofeni, hata tramadoli na mofini, mtu anaweza kuzimeza mpaka tumbo likaharibika na shoti zikaendelea. Dawa inayofanya kazi ni ile inayotuliza neva isifyatue ovyo. Ya kwanza ni kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol. Matumizi yake kwa maumivu haya yalichapishwa na daktari wa Sweden, Blom, mwaka 1962, na hadi leo ndiyo inayoanza. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hupatikana kwa sababu ni dawa ya kifafa.

Hapo kuna jambo la kusemwa wazi dirishani. Mgonjwa anayesoma karatasi ya ndani akakuta "kifafa" anaweza kuitupa dawa, au nyumbani wakaanza kunong'ona. Mfamasia aseme mapema: dawa hii hutuliza neva inayofyatua ovyo, na imeandikwa hapa kwa ajili ya neva ya uso.

Kidonge cha kawaida ni miligramu 200. Mwanzo ni nusu kidonge, yaani miligramu 100, asubuhi na jioni. Kwa mtu asiye na MS madaktari wengi huongeza miligramu 100 au 200 kila baada ya siku tatu. Kwa mwenye MS, maoni yangu ni kuongeza miligramu 100 tu kila baada ya siku tano hadi saba, usiku kwanza, na kusimama kwenye dozi ya chini kabisa inayomwezesha kula na kupiga mswaki. Wengi hupata nafuu kati ya miligramu 400 na 800 kwa siku, na mpaka wa juu wa kawaida ni 1200. Vidonge vya kuachia dawa polepole havisagwi wala havitafunwi.

Sababu ya mwendo huo wa kinyonga ni hii. Kabamazepini ikizidi huleta usingizi, kuyumba, kuona viwili viwili, ulimi mzito na miguu kukosa nguvu. Sasa soma orodha hiyo tena ukiwa na MS kichwani. Ni dalili zilezile za shambulio jipya la ugonjwa. Mtu aliyekuwa akitembea na fimbo anaanza kuanguka, familia inaamini MS imepanda, anapelekwa kutiwa dripu ya methilipredinisoloni gramu moja kwa siku tatu hadi tano, na kumbe kilichotakiwa ni kurudisha nusu kidonge.

Namna ya kutofautisha ni saa na tarehe. Dalili za dawa huja siku chache baada ya kupandisha dozi, huwa kali saa chache baada ya kumeza na kulegea kabla ya dozi inayofuata, na hushika pande zote mbili za mwili. Shambulio la MS hujenga kwa siku, hukaa zaidi ya saa 24 bila kufuata ratiba ya vidonge, na mara nyingi huwa na upande au sehemu yake. Homa nayo huamsha dalili za zamani kwa muda, kwa hiyo malaria na maambukizi ya njia ya mkojo yapimwe kabla mtu hajahukumiwa kwamba ana shambulio.

Daftari la shule linatosha kwa kazi hii. Kila siku mstari mmoja: tarehe, dozi ya asubuhi na jioni, idadi ya shoti kwa kukadiria, kilichoziamsha, na kuyumba kwa alama kutoka 0 hadi 10. Daktari akiliona daftari la wiki tatu anaamua kwa dakika mbili.

Kuna mtego mwingine unaowakatisha watu tamaa. Kabamazepini hulifundisha ini kuivunja yenyewe kwa kasi. Baada ya wiki tatu hadi tano dozi ileile inaacha kiasi kidogo zaidi kwenye damu, na shoti zilizokuwa zimetulia zinaanza kurudi. Neva haijaharibika zaidi, wala dawa si feki. Dozi inahitaji kurekebishwa kidogo, na baada ya hapo hutulia.

Dawa zinazogombana nayo

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki sehemu hii ni ya kukatwa na kubandikwa kwenye jalada la daftari, kwa sababu ini lililochangamshwa na kabamazepini halichagui. Hupunguza nguvu ya dawa ya mseto ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini, kiasi kwamba karatasi ya dawa inakataza kuzitumia pamoja. Ukiugua malaria mwambie anayekutibu unatumia nini kabla hajaandika. Hupunguza dolutegravia, dawa ya VVU, kwa hiyo mtu anayetumia kidonge cha TLD huhitaji miligramu 50 za ziada za dolutegravia saa 12 baadaye, kwa maagizo ya kliniki yake. Huvunja nguvu ya vidonge vya majira na ya vijiti vya mkononi. Kitanzi cha shaba na sindano ya miezi mitatu havina tatizo hilo. Hili lina uzito, maana kabamazepini wakati wa mimba huongeza hatari ya kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. Mwanamke anayepanga kuzaa azungumze na daktari kabla ya mimba, si baada, na aulize kuhusu foliki asidi ya kipimo cha juu.

Kwa upande mwingine, erithromaisini, klarithromaisini, flukonazoli na isoniazidi, ile ya kinga ya kifua kikuu, hupandisha kabamazepini kwenye damu. Mgonjwa aliyekuwa sawa kwa miezi sita anaanza kuyumba na kuona viwili siku ya tatu ya antibaiotiki. Juisi ya balungi nayo hufanya hivyo.

Dawa za MS zenyewe hazikuachwa nje. Kabamazepini hupunguza fingolimodi na siponimodi mwilini. Tena hushusha chembe nyeupe za damu kidogo, wakati dawa nyingi za MS nazo zinashusha, na hesabu mbili zinajumlishwa. Picha kamili ya damu, vipimo vya ini na sodiamu, yaani chumvi ya damu, vipimwe kabla ya kuanza, kisha ndani ya wiki chache za mwanzo.

Sodiamu ina habari yake. Kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Kabamazepini huishusha, na okskabazepini huishusha zaidi. Dawa za presha za kukojoza huongeza kushuka huko, na baadhi ya dawa za sonona pia. Halafu kuna desmopresini, ambayo baadhi ya wenye MS hupewa ili wasiamke usiku kukojoa. Kuiweka pamoja na kabamazepini bila kupima sodiamu ni hatari kweli. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa kunakokuja taratibu kwa mtu wa namna hii, apimwe siku hiyo.

Na upele. Wiki nane za mwanzo kila kipele kionwe na mhudumu. Upele wenye homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inayovuka: acha dawa papo hapo, nenda hospitali, usisubiri miadi. Hiyo ndiyo hali pekee ya kuacha ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe. Watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, na baadhi ya wenye asili ya India, wanaweza kuwa na aina ya jini inayoongeza hatari hiyo, na kipimo cha damu kipo.

Ikishindikana kabamazepini

Okskabazepini huwa na ugomvi mchache zaidi na dawa nyingine. Miligramu 300 zake hushika nafasi ya 200 za kabamazepini. Gabapentini na pregabalini haziligusi ini kwa namna ile, hivyo humfaa mtu wa TLD au anayeugua malaria mara kwa mara, ingawa kwa shoti zenyewe huwa dhaifu kidogo. Gabapentini huanza na 300 usiku na kupandishwa kwa siku kadhaa. Dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu, na dawa ya kiungulia yenye alumini au magineziamu imezwe saa mbili mbali nayo. Lamotrijini ni nzuri kuongezea, ila huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili na kupanda taratibu mno kwa sababu ya upele, kwa hiyo haimfai mtu anayelia leo.

Baklofeni naiweka peke yake, kwa sababu wenye MS wengi tayari wanaitumia kwa misuli iliyokakamaa. Miligramu 5 hadi 10 mara tatu kwa siku, ikipandishwa polepole, huweza kupunguza shoti na kuruhusu kabamazepini ya chini. Lakini miguu dhaifu wakati mwingine husimama kwa msaada wa ukakamavu uleule. Ukiulegeza sana, mtu anakaa chini. Pia haikatwi ghafla hata kidogo: kukatwa huleta kuona mauzauza na degedege. Mgonjwa anayesafiri abebe za ziada.

Nyumbani

Mguso mwepesi unaotembea huwasha shoti kuliko mkandamizo thabiti. Kanuni hiyo moja inabadilisha mengi. Usifute uso kwa kupangusa. Weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kandamiza, inua, hamisha. Kwa anayetawadha mara tano kwa siku, maji ya vuguvugu na kiganja kinachotua uso mzima kwa mkupuo mmoja ni bora kuliko kurusha maji. Kutayamamu nako kunapitisha mikono usoni, kwa hiyo siku mbaya sana aulizwe mwenye elimu kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Nje, mtandio au kofia ya pikipiki yenye kioo huzuia upepo, mradi kitambaa kisiwe kinapepea shavuni.

Chakula kiwe laini na cha vuguvugu: mtori, uji, viazi vya kuponda, ndizi zilizoiva sana. Tafuna kwa upande usiouma. Mrija husaidia wengine, na kwa wengine kule kunyonya ndiko kunakowasha. Pima uzito kila wiki, maana watu hupungua bila kusema. Mswaki ndio huachwa kwanza, na upande usiopigwa mswaki kwa mwaka huoza kweli. Ndipo jino linapokuwa na hatia halali, na hakuna tena anayeweza kuyatenganisha maumivu mawili. Mswaki laini wa mtoto, maji ya vuguvugu, saa ambayo shoti ziko chini kwa mujibu wa daftari.

Mtu akifika mahali hawezi kunywa maji wala kumeza dawa yenyewe, hiyo ni dharura. Hospitali humpa maji ya mshipani, na ipo fenitoini ya mshipani ambayo hukata shoti kwa muda: hutolewa polepole, isizidi miligramu 50 kwa dakika, mgonjwa akiwa amefungwa kipimo cha moyo. Na maumivu haya yamewafikisha watu kwenye kufikiria kujiua. Ukimsikia ndugu yako anasema amechoka kuishi, mpeleke leo, usimwache peke yake.

Taratibu za upasuaji

Upasuaji unaosogeza mshipa wa damu mbali na neva ndio bora kwa wasio na MS. Kwa wenye MS matokeo yake ni hafifu zaidi, kwa sababu kidonda cha ponsi kinabaki. Hufikiriwa MRI ikionesha neva imekandamizwa na kupindishwa waziwazi.

Kinachofanyika zaidi ni kupitisha sindano shavuni, kama sentimita mbili na nusu pembeni ya pembe ya mdomo, hadi kwenye tundu la chini ya fuvu, kwa kuongozwa na eksirei. Kutoka hapo kuna njia tatu. Puto dogo hujazwa nusu hadi mililita moja ya dawa inayoonekana kwenye eksirei, likachukua umbo la peasi na kulibana fundo la neva kwa kama dakika moja. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla wakati huo, na mtoa usingizi awe tayari. Au ncha ya moto huchoma nyuzi, mgonjwa akiamshwa katikati aseme anasikia wapi. Au gliseroli hudungwa, na mgonjwa hukaa kichwa kimeinama kwa saa kadhaa isitiririke. Kwa mtu anayechoka upesi na kushindwa kujibu maswali akiwa nusu usingizini, puto lina faida. Ipo pia mionzi ya Gamma Knife, isiyohitaji sindano, lakini nafuu yake husubiriwa kwa wiki au miezi.

Zote hizi huumiza neva kwa makusudi. Ganzi ya uso ni bei yake, na kwa wenye MS maumivu hurudi mara nyingi zaidi, hivyo mtu huweza kurudia. Anayeumwa pande zote mbili asifanyiwe pande zote kwa pamoja: misuli ya kutafuna ikilegea kulia na kushoto, hawezi kula. Wachache hubaki na maumivu ya kudumu ndani ya ganzi yenyewe, na hayo ni magumu kutibu kuliko shoti za mwanzo. Waulizwe madaktari jambo hilo kabla ya kutia sahihi.

Kisha jicho. Tawi la kwanza likipata ganzi, kioo cha jicho hakisikii mchanga, kope iliyojikunja wala mkwaruzo, na kinaweza kupata kidonda bila mtu kujua. Kila asubuhi baada ya utaratibu huo, simama kwenye kioo chenye mwanga, vuta kope la chini, linganisha macho mawili. Miwani ukitoka kwenye vumbi, machozi ya bandia yakishauriwa, na kamwe usilisugue jicho. Likiwa jekundu au limefifia, hata kama haliumi kabisa, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.